Tabaka la Sitini na Nne

Tulishusha bomba hadi kamba ikalegea.
Ambakisye aliishika kama mtu anayemshika ndama mkaidi,
Dokta Mgaya akihesabu mita kwa sauti, mimi nikiandika.
Ziwa lilikuwa limelala. Milima ya Ukinga
ilikuwa imejifunga ukungu kiunoni.
Bomba likarudi limejaa tope,
tope likanuka yai viza.

Mimi ni mzaliwa wa Ikombe. Tope nalijua.
Nimelikanyaga kwa visigino kabla sijajua kusoma,
nimelichambua mawe, nimelipapasa likiwa tumbo la chungu.
Ila hili la kilindini lilikuwa geni kwangu:
lina mistari, mweusi, kijivu, mweusi,
kama daftari la mtoto anayemwogopa mwalimu.
Tulilikata kwa uzi wa kuvulia, sentimita kwa sentimita.
Kila kipande mfuko wake, kila mfuko namba.

Kyela hadi Uyole, Uyole hadi Arusha,
boksi mapajani.
Utingo akauliza, dada, umebeba nini?
Udongo.
Akanitazama kama niliyeibiwa akili stendi.
"Kwani Arusha hawana udongo?"

Mashine ya maabara imezungushiwa kuta za risasi,
risasi ileile ya bunduki,
ila pale kazi yake ni kuinyamazisha dunia
ili tope lisikike.
Siku mbili kwa kila mfuko. Kimya.
Kimya.
Mfuko wa saba ukasema kitu.

Sesiamu. Kidogo,
si ya kumfanya mtu aogope maji au samaki.
Vumbi la mabomu waliyoyajaribu wakubwa huko kwao,
likapanda juu, likazunguka, likakosa pa kutua,
hadi mvua ikalishusha kwetu
bila barua, bila hodi.

Nikarudi. Habari ilikuwa imenitangulia.
Pale Lusungo wateja wa Tukuyu
waligonga vyungu kwa kucha, wakasikiliza, wakavirudisha chini.
Vina mionzi, walisema.
Mmoja aliuliza kama mionzi inazuia maharage kuiva.
Vyungu arobaini na vitatu vya mama
vilirudi na mtumbwi, vikiwa bado na majani ya mgomba midomoni.

Nilimkuta anafinyanga, kana kwamba arobaini na vitatu hazitoshi.
Nikamweleza. Nikachora mistari mchangani kwa kijiti:
hapa mwaka jana, hapa nilipozaliwa,
hapa chini, hapa, sitini na nne.
Mkono wake ukasimama juu ya chungu.

"Mwaka wa mvua," alisema.
"Ziwa liliingia ndani, mama yangu akanizalia juu ya meza ya jirani."
Kisha akacheka, cheko fupi la puani.
"Kumbe nina pacha, Syabumi."

Zamani, aliniambia, mapacha walitengwa.
Watu walikaa mbali, wakasubiri dawa, wakasubiri siku zipite.
"Na huyu wamemtenga wapi?"
Chini ya tope, mama. Mita nyingi.
"Peke yake?"

Sikuwa na jibu la kisayansi.

Nikamwambia hupungua: kila miaka thelathini, nusu,
halafu nusu ya ile nusu, haishi kabisa.
Akaitazama mikono yake, ile iliyonisomesha,
akakunja vidole, akakunjua.
"Basi tunakwenda sawa."

Nilitaka kumwambia udongo wake hauna neno,
kwamba shimo lake ni refu, la kale kuliko bomu lolote,
kwamba nimeupima, nina karatasi yenye muhuri.
Nilimwambia pia. Aliitikia kwa kichwa
kama mtu anayeambiwa jua hutoka Ukinga.
"Karatasi wapelekee Lusungo," akasema.
"Mimi niletee maji."

Nilikwenda ziwani na ndoo.
Niliinama, nikachota juu juu,
taratibu, nisimwamshe.